Samaki wa dhahabu anaumwa? Anza kwa kupima maji

Jumapili moja miaka ya nyuma niliwaua samaki wanne kwa usafi. Tangi langu la kioo hapa Dar, la lita 100 hivi, lilikuwa limekaa miezi mitatu bila kubadilishwa maji. Nilikuwa naongezea tu yanapopungua. Siku hiyo nikajifunga kibwebwe. Samaki kwenye beseni, maji yote nje, kokoto zikaoshwa kwa maji ya bomba mpaka zikang'aa, sponji ya chujio ikakamuliwa mpaka ikarudi rangi yake ya dukani. Nikajaza maji mapya, nikawarudisha samaki. Wageni waliokuja jioni walilisifia sana. Alfajiri ya Jumanne wote wanne walikuwa wanaelea ubavu.

Nitarudi kwenye Jumapili hiyo, maana naulizwa juu yake mara kwa mara kwa sura tofauti. Mtu anatuma picha ya samaki aliyekunja mapezi, anauliza: "Nimpe dawa gani?" Nami namuuliza: amonia, ile sumu ya taka za samaki, imesoma ngapi? Kimya.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kutafuta ugonjwa

Samaki wa dhahabu asili yake ni China, alikofugwa kwenye mabwawa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Hana tumbo la kuwekea chakula. Anachokula kinapita kwenye utumbo moja kwa moja, ndiyo maana yuko tayari kula siku nzima na kunya siku nzima. Amonia nyingi humtoka kwenye matamvua anapopumua, kwa hiyo maji yanachafuka hata pale usipoona kinyesi. Yanaweza kumeremeta kama ya chupa na yakawa sumu.

Nunua vipimo vya amonia, vya nitriti na nitrati ambazo bakteria huzitengeneza kutokana na amonia hiyo, na vya pH, yaani kiwango cha asidi au magadi ya maji. Vya matone ni bora kuliko vya vijiti, ingawa kijiti ni afadhali kuliko jicho. Ukipelekea duka maji yako yapimwe, usikubali jibu la "yako sawa", omba namba. Amonia iwe 0, nitriti iwe 0, nitrati isizidi 40 mg kwa lita, pH iwe kati ya 7 na 8 na isiyumbeyumbe. Ongeza kipimajoto na daftari la kuandikia tarehe.

Ujue pia lita zako, maana dozi zote zinahesabiwa kwa lita. Zidisha urefu, upana na kimo cha maji kwa sentimita, kisha gawa kwa 1,000. Tangi la sentimita 80 kwa 35 lenye maji ya kimo cha 40 ni lita 112. Toa za kokoto, baki na 100. Kwa samaki wa kwanza weka lita 75, na kila anayeongezeka lita 40. Ukiona tangi lako la lita 30 lina samaki watano, umeshapata nusu ya jibu, hata usiposoma mbele.

Wote wako juu, wanatweta

Hii ndiyo dharura, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Washa pampu ya hewa. Kama huna, chota maji ya tangi kwa kikombe uyamimine tena kutoka juu, dakika kumi mfululizo, yapige kelele. Halafu tazama. Wakianza kushuka ndani ya saa moja, tatizo lilikuwa hewa. Wasiposhuka, tatizo limo ndani ya maji yenyewe.

Hewa huisha kwa sababu zinazoeleweka. Maji ya nyuzi 20 hubeba oksijeni ya karibu 9 mg kwa lita. Yakifika nyuzi 30 yanabeba 7.5 tu, na joto hilo hilo linamfanya samaki ahitaji zaidi. Tangi la sebuleni Dar mwezi wa pili linafika nyuzi 30 bila shida. Wa Nairobi asicheke: maji yake ni ya baridi, ila mwinuko wa zaidi ya mita 1,600 unapunguza hewa inayoyeyuka, akajikuta na oksijeni karibu ile ile ya jirani yake wa pwani. Nyuzi zinazomfaa zaidi ni 18 hadi 24, lakini samaki huyu anastahimili 30 kama maji yanachezeshwa vya kutosha. Mfuniko uliobana uondoe. Feni ikipuliza juu ya maji huyapoza kidogo. Chupa ya lita moja na nusu iliyogandishwa, ikielea kwenye tangi kubwa, nayo husaidia, ilimradi joto lisianguke zaidi ya nyuzi mbili au tatu kwa siku.

Wakitweta alfajiri na kutulia jua likipanda, lawama ni ya mimea au maji ya kijani: usiku vinavuta oksijeni ile ile wanayoivuta samaki. Acha pampu ya hewa ifanye kazi usiku kucha.

Hewa ikiwa ipo na bado wanatweta, pima nitriti. Hiyo huingia kwenye damu na kuifanya iwe ya kahawia, isiweze kubeba oksijeni, samaki akawa anakosa pumzi ndani ya maji yaliyojaa hewa. Matamvua yake ukiyatazama yana rangi ya chai badala ya wekundu. Badilisha nusu ya maji, kisha weka chumvi gramu 1 kwa lita, yaani gramu 100 kwa tangi letu la lita 100. Chumvi haiondoi nitriti. Inaizuia isipite kwenye matamvua. Chumvi ya mawe ya sokoni inafaa, ukiiyeyusha kwanza pembeni.

Na kuna kisa kimoja ambacho vitabu vya nchi za baridi hukitaja kwa mstari mmoja tu: dawa ya mbu. Dawa nyingi za kupulizia ndani ni za jamii ya pairethroidi, ambayo haimdhuru sana mtu lakini ni kali mno kwa samaki. Pampu ya hewa inavuta hewa ya chumba na kuisukuma majini. Samaki wanaanza kurukaruka, kujigonga kwenye kioo, kuogelea kwa mshazari. Kama usiku huo mlipuliza chumba, usihangaike na kipimo. Zima pampu, fungua madirisha, hamishia samaki kwenye maji safi yasiyo na klorini, au badilisha nusu mara moja na nusu tena baada ya saa chache. Siku za kupuliza, funika tangi kwa shuka lenye maji na uzime pampu mpaka harufu iishe. Kwangu mimi, chumba chenye tangi hakipulizwi kabisa. Tunalala na chandarua.

Walikuwa wazima, nimesafisha tangi, wamekufa

Sasa turudi kwenye Jumapili yangu. Nilifanya makosa matatu, na kila moja lingetosha.

La kwanza, klorini. Maji ya bomba hutiwa klorini ili kuua vijidudu vya kwenye maji yetu ya kunywa, nayo haichagui: huunguza matamvua ya samaki. Maji yakilazwa kwenye ndoo zilizo wazi kwa saa 24, hasa yakiwa na jiwe la hewa ndani (lile la vitundu linalofungwa kwenye mpira wa pampu ya hewa), klorini huondoka. Kama mamlaka yenu inatumia kloramini, kulaza hakusaidii, na itabidi utumie dawa ya kuondoa klorini yenye maelezo kwamba inashughulikia kloramini pia.

La pili, niliwaua wafanyakazi. Kwenye sponji, kwenye kokoto na kwenye kuta za tangi wanaishi bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, na wengine wanaogeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo ni nafuu zaidi kwa samaki. Hawaishi kwa wingi kwenye maji; wameshika kwenye vitu. Ule utelezi wa kahawia nilioukamua kwa furaha ndio uliokuwa ukiwaweka samaki hai. Sponji husuuzwa, na husuuzwa kwenye ndoo yenye maji yaliyotolewa ndani ya tangi lenyewe, mara mbili tatu, basi. Ikibaki na rangi ya kahawia, vizuri.

La tatu ndilo gumu kuliona. Tangi likikaa miezi bila maji mapya, kazi ya bakteria hawa inatengeneza asidi, na madini yanayoizuia yanaisha polepole. pH inashuka chini ya 6.5. Hapo bakteria wenyewe wanalegea, na taka za samaki zinajilimbikiza kwa umbo la amoniamu, ambalo kwenye maji ya asidi halidhuru sana. Samaki wamezoea, unawaona wazima. Siku ukitia maji mapya yenye pH ya 8, amoniamu iliyobaki inageuka amonia kali. Kutoka pH 7 hadi 8 peke yake, sehemu yenye sumu inaongezeka karibu mara kumi. Mimi nilimwaga maji yote, kwa hiyo amoniamu ya zamani ilikwenda nayo, lakini samaki walirushwa kutoka maji ya asidi hadi ya magadi kwa dakika moja, wakiwa na matamvua yaliyoungua, kwenye tangi lisilo na bakteria. Ningebadilisha nusu tu, ningewaua kwa njia hiyo nyingine.

Tangi la namna hii linatibiwaje? Pima pH kabla ya kugusa chochote. Ikiwa chini ya 6.5 na maji hayajabadilishwa kwa miezi, toa asilimia 10 tu kila siku kwa wiki moja au mbili, na chakula kiwe kidogo sana. Baada ya hapo ndipo uingie kwenye utaratibu wa kawaida: robo mpaka theluthi ya maji kila wiki, ukifyonza uchafu wa chini kwa mpira.

Kwa wanaotumia maji ya kisima au boza: pima kwanza yenyewe, kabla hayajaona tangi. Kisima kirefu kinaweza kutoa maji yenye hewa kidogo na pH inayobadilika yakikaa, hivyo yalaze usiku mzima na jiwe la hewa. Kisima kifupi kilicho karibu na vyoo kinaweza kuleta nitrati tangu ndooni, na hapo utabadilisha maji mpaka uchoke bila namba kushuka.

Tangi jipya, wiki ya pili wanaanza kufa

Duka lilikuuzia tangi, chujio na samaki siku moja. Wiki ya kwanza raha. Ya pili samaki wanakaa chini pembeni, mapezi wameyabana mwilini. Bakteria bado hawajaota. Huchukua wiki nne hadi sita. Amonia hupanda kwanza, kisha nitriti, ndipo nitrati ianze kuonekana.

Kama samaki wameshaingia, wape chakula mara moja kila baada ya siku mbili, pima kila siku, na amonia au nitriti ikionekana badilisha maji, hata kila siku. Njia ya mkato ya halali ni kuomba kipande cha sponji kilichotumika kwa mtu mwenye tangi la siku nyingi lisilo na ugonjwa, ukiweke kwenye chujio lako, kama mtu anavyobakiza mtindi kidogo kwenye kibuyu ili maziwa ya kesho yagande. Kisafirishe kikiwa na maji, kisikauke.

Rangi ya maji

Maji yamekuwa meupe kama yaliyooshewa mchele: bakteria wanaoelea wamezaliana, mara nyingi kwa sababu ya chakula kingi au tangi jipya. Punguza chakula, ongeza hewa, subiri siku chache. Kubadilisha yote kunarudisha mchezo mwanzo.

Ya kijani: jua la dirishani pamoja na nitrati nyingi. Sogeza tangi, punguza saa za taa. Hayana ubaya kwa samaki mchana. Shida yake ni ile ya usiku niliyoitaja.

Ya rangi ya chai baada ya kuweka gogo: ni rangi ya mti tu. Yenye harufu ya tope bovu: kuna chakula au samaki aliyekufa chini ya kokoto. Tafuta. Mara moja nilimkuta konokono mkubwa ameoza ndani ya chungu cha mapambo.

Na hayo makombe na matumbawe mnayookota ufukweni: ni chokaa, yanapandisha pH. Samaki wa dhahabu anapenda maji yenye madini, kwa hiyo hayamuui, ila amonia ikitokea itakuwa kali zaidi.

Umeme umekatika kwa saa nane

Wakati wa mgao ule wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 tulijifunza wengi. Samaki wachache kwenye tangi kubwa huvumilia. Kinachosahaulika ni chujio. Ndani ya chujio la kopo lililofungwa bakteria wanamaliza hewa na kuanza kufa, na umeme ukirudi, pampu inatapika maji hayo mabovu ndani ya tangi. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, lifungue, mwaga maji yaliyomo, suuza sponji kwa maji ya tangi, ndipo uwashe. Au itoe sponji mapema uiache ielee ndani ya tangi. Pampu ndogo ya hewa ya betri ni ununuzi ambao hutaujutia. Wakati wa giza usilishe.

Madoa

Chembe nyeupe kama za chumvi zilizotapakaa mwilini na kwenye mapezi, samaki akijikuna kwenye kokoto: ni ugonjwa wa madoa meupe, unaoletwa na kijidudu kiitwacho Ichthyophthirius. Kikiwa ndani ya ngozi dawa haikifikii. Hufa kinapotoka na kuogelea kutafuta samaki mwingine. Kwa hiyo usiache tiba kwa sababu madoa yamepotea siku ya tatu. Chumvi gramu 3 kwa lita, iliyoongezwa kwa mafungu matatu ndani ya siku moja na nusu, iachwe wiki mbili. Ukibadilisha maji, rudisha chumvi ya kile ulichotoa tu. Mimea itaumia, itoe.

Lakini tazama vizuri kabla hujamwaga chumvi. Vidoa vyeupe vilivyojipanga kwenye mashavu na ukingo wa mbele wa mapezi ya kifuani, na samaki mchangamfu anayemfukuza mwenzake kwa nyuma, si ugonjwa. Huyo ni dume, yuko msimu wa kuzaana. Nimeona watu wakimtibu dume mwenye afya kwa mwezi mzima.

Weusi unaojitokeza kwenye mapezi na mwilini ndani ya siku chache mara nyingi ni kovu la kuungua na amonia: unaonekana wakati anapona, kwa hiyo jiulize wiki iliyopita kulitokea nini. Mishipa myekundu kwenye mkia ni maji mabaya mpaka ithibitike vingine. Mapezi yaliyochanika yenye ukingo mweupe ni bakteria waliopata nafasi. Maji yakiwa safi wiki mbili, mengi huota tena. Uzi unaoning'inia mwilini kama kijiti chenye ncha mbili ni mnyoo wa nanga, anayechomolewa kwa kibano karibu na ngozi. Kufifia kutoka rangi ya chungwa hadi nyeupe si ugonjwa.

Anaelea tumbo juu

Hawa wenye miili ya mviringo, mikia miwili, matumbo kama chenza, ndio waathirika wakuu. Utumbo umekunjwa kwenye nafasi ndogo, na ukijaa unakisukuma kifuko cha hewa. Pima maji kwanza, kama kawaida. Kisha mnyime chakula siku mbili au tatu, halafu mpe njegere iliyochemshwa na kumenywa, imepondwa, siku mbili. Chembe za chakula zinazoelea zilowekwe dakika chache kabla, ama ununue zinazozama, asimeze hewa. Mkate usimpe, najua watoto wanapenda.

Kiasi cha chakula kiwe kile wanachomaliza kwa dakika mbili. Samaki mkubwa mwenye afya anaweza kukaa wiki nzima bila kula, kwa hiyo ukisafiri siku tano usimwachie jirani kopo zima.

Asiponyooka baada ya wiki mbili, huenda ni umbo lake. Anaweza kuishi hivyo miaka kwenye maji ya kina kifupi ikiwa anakula.

Magamba yamesimama

Ukimtazama kutoka juu anafanana na nanasi, tumbo limevimba, macho yametoka. Figo zimeshindwa kutoa maji mwilini. Mtenge kwenye beseni lenye hewa na chumvi gramu 1 kwa lita. Wachache hupona wakiwahiwa. Wengi hawaponi, na siwezi kukuuzia matumaini.

Akiacha kula na kulala ubavu, kuna njia ya kummaliza bila mateso, nayo inatoka Pemba: mafuta ya karafuu. Tikisa matone kumi kwenye chupa ndogo ya maji ya uvuguvugu mpaka yawe meupe, kwa kila lita ya maji ya beseni. Mimina theluthi kwanza, ataleweshwa, atalala. Kisha mimina yote yaliyobaki. Matamvua yakiacha kucheza, mwache humo nusu saa zaidi. Mzike kwenye ua. Asitupwe mtoni wala chooni, na waliobaki hai wasipelekwe mtoni pia, maana huzaliana huko na kuvuruga makao ya samaki wa asili.

Beseni lioshwe, likaushwe juani. Kisha chukua kipimo urudi kwenye tangi, wenzake bado wamo humo.